Sauti ya Chini, Fidla za Juu

Kila walipo wapenzi wa utungo, hapakosi ubishi wa kale kuhusu huzuni na mapambo yake. Wapo wanaoshikilia kwamba jambo zito na lisemwe kwa maneno machache na kwa ala moja, kwani aliyefiwa hana haja ya kupambwa. Wapo wengine wanaoamini kwamba msiba mkubwa unastahiki sauti nyingi, na kwamba kumwacha mfiwa alie peke yake ni kumdhulumu. Katika ushairi, ubishi huu huzuka baina ya wapendao shairi fupi lililonyooka na wapendao utenzi wa mamia ya beti. Katika muziki wa karne ya 20, ulipamba moto katika nyimbo za Wamarekani weusi za mtindo wa soul, pale zilipoanza kuimbwa mbele ya okestra kamili yenye fidla nyingi, selo, kinubi, filimbi, baragumu na timpani, yaani zile ngoma kubwa zenye umbo la sufuria.

Neno soul maana yake ni roho, na muziki wenyewe ulitoka kanisani. Sam Cooke na Aretha Franklin, wawili miongoni mwa nyota wake wakubwa, walikuwa watoto wa wachungaji, na kabla ya kuimba mapenzi ya dunia waliimba sifa za Mungu. Vyombo walivyovizoea vilikuwa vichache: piano au kinanda, tari, makofi, na waumini wenyewe ambao walimpokea mwimbaji kwa kiitikio. Nguvu yote ilikuwa katika koo la binadamu. Mwimbaji aliweza kuikunja silabi moja mara nane, akaivuta, akaivunja, na wasikilizaji wakatambua kwamba aliyoyaona hayasemeki. Muziki wa namna hii ulionekana kuwa umejitosheleza. Kuutia fidla, kwa walioupenda hivyo ulivyo, kulikuwa kama kutia sukari katika mchuzi uliokwisha kukolea.

Mwaka 1959 mjini New York, watunzi wawili, Jerry Leiber na Mike Stoller, walikirekodi kikundi cha The Drifters katika wimbo uitwao "There Goes My Baby". Mwimbaji kiongozi alikuwa Ben E. King, kijana wa miaka 20. Stan Applebaum alizipanga fidla zipae juu ya mdundo uliotoka Brazili, na chini yake ikanguruma timpani iliyobaki katika sauti ileile moja hata wimbo ulipokuwa ukihama. Jerry Wexler, mmoja wa wakuu wa kampuni ya Atlantic iliyotoa wimbo huo, hakupendezwa hata kidogo. Aliuona kama redio iliyonasa stesheni mbili kwa wakati mmoja. Hata hivyo wimbo ulitoka, ukapanda mpaka nafasi ya 2 katika orodha ya nyimbo za pop za Marekani, na kutoka hapo studio nyingi zikaanza kuwaita wapiga fidla.

Hukumu ya Wexler inafaa kuzingatiwa, kwa sababu ndani yake mna ukweli ambao yeye mwenyewe aliuhesabu kuwa kasoro. Kweli zilikuwa stesheni mbili. Moja ilikuwa ya kanisa na mtaa wa watu weusi. Nyingine ilikuwa ya kumbi za tamasha na filamu za Hollywood, mahali ambapo mtu mweusi aghalabu aliingia kwa mlango wa nyuma, akiingia. Walioupinga muziki huu walisema kwamba fidla ni vazi la kuazima, lililovaliwa ili kumpendeza msikilizaji mweupe aliyeiogopa sauti tupu ya mweusi. Lawama hiyo haikuwa ya uongo. Wenye kampuni walitaka kuuza, na zipo santuri nyingi za miaka ile ambazo fidla zake zilimwagwa juu ya wimbo kama asali, bila ya kusikiliza mwimbaji alikuwa akisema nini. Swali lililobaki ni kama vazi hilo lingeweza kugeuzwa likawa la mvaaji mwenyewe.

Jibu la kwanza zito lilitoka kwa Sam Cooke. Mnamo Oktoba 1963, katika mji wa Shreveport jimboni Louisiana, yeye na msafara wake walikataliwa vyumba katika nyumba ya wageni ya Wazungu. Alipolalamika, akaishia kukamatwa kwa madai ya kuvuruga amani. Mwaka huohuo alikuwa ameusikia wimbo wa Bob Dylan unaouliza maswali juu ya uhuru na vita, akaona haya kwamba wimbo kama ule haukutoka kwa mwimbaji mweusi. Akatunga "A Change Is Gonna Come", na tarehe 30 Januari 1964 akaurekodi mjini Los Angeles. Kazi ya kuupanga alipewa René Hall, ambaye aliugawa muziki kwa beti: fidla zikapata nafasi yao, baragumu nafasi yake, na timpani ikaubeba ubeti unaobadilisha mkondo wa wimbo. Msomaji wa mashairi atautambua mpango huo mara moja. Kila ubeti una pumzi yake, na ala mpya inapoingia huwa ni hatua katika hoja.

Katika wimbo huu okestra ina kazi ambayo gitaa moja lisingeiweza. Aliyekataliwa chumba cha kulala anaingia katika wimbo wake kwa mlango wa mbele, akitanguliwa na fidla na baragumu kama afanyiwavyo mfalme katika filamu. Mambo anayoyaeleza ni ya mtu mnyonge: kuzaliwa katika umaskini, kufukuzwa, kumwomba ndugu msaada na kuangushwa. Anayoyaeleza hayakupambwa hata kidogo; kilichokuzwa ni heshima ya msemaji. Wimbo ulipotolewa kama santuri ndogo mwezi Desemba 1964, ubeti mmoja ulikatwa ili ufae redioni, nao ni ule unaotaja wazi jinsi mtu mweusi alivyozuiwa kutembea mjini. Fidla ziliachwa, maneno yakaondolewa. Cooke mwenyewe hakuyaona hayo, kwani alipigwa risasi akafa tarehe 11 mwezi huo, akiwa na umri wa miaka 33.

Kutoka kwa Cooke muziki huu ulirithi heshima, lakini ulikuwa haujapata subira. Nyimbo zilipimwa kwa dakika tatu za redio, na hisia kubwa zikabanwa humo kama mzigo katika mkoba mdogo. Aliyeufungua mkoba alikuwa Isaac Hayes wa Memphis, mzaliwa wa kijijini Tennessee aliyekulia katika ufukara na kuchuma pamba utotoni. Mwaka 1969 alitoa santuri iitwayo "Hot Buttered Soul", yenye nyimbo nne tu. Wimbo wa kwanza, "Walk On By", ambao Dionne Warwick aliuimba mwaka 1964 kwa muda usiofika dakika tatu, kwa Hayes ulichukua dakika 12. Wa mwisho, "By the Time I Get to Phoenix" wa Jimmy Webb, ulipita dakika 18.

Katika huo wa mwisho Hayes haanzi kuimba. Juu ya besi inayotembea polepole na kinanda kilichoshikilia sauti moja, anazungumza kwa zaidi ya dakika 8. Anasimulia habari za mwanamume, mkewe, usaliti na gari lililoondoka usiku, kwa sauti nene ya chini, kama mtu anayezungumza na jirani barazani. Anapofika kwenye ubeti wa kwanza, msikilizaji amekwisha kuwajua watu wale, na kwa hiyo fidla na tarumbeta zinapoinuka hazimshtui. Wapiga ngoma na magitaa walirekodiwa Memphis, na fidla zikaongezwa Detroit kwa mpango wa Johnny Allen. Aliyesikiliza kwa makini ataona jambo moja: kadiri okestra inavyopanda, ndivyo Hayes anavyokataa kushindana nayo. Anabaki chini. Kilele cha wimbo kimeachiwa ala, na mwimbaji amekaa kando yake kama mwenye msiba aliyezungukwa na jamaa wanaomlilia.

Mji wa Detroit uliozitoa fidla hizo ulikuwa na desturi yake. Berry Gordy alianzisha huko kampuni ya Motown mwaka 1959, kwa mkopo wa dola 800 kutoka kwa familia yake, katika nyumba ya kawaida ya Barabara ya West Grand. Mchana na usiku wapigaji wake wa kudumu, wapiga muziki wa jazi waliojiita Funk Brothers, walifanya kazi katika studio ya chini. Wapiga fidla walitoka katika okestra ya mji huo, Detroit Symphony, wakiongozwa na Gordon Staples. Kwa miaka mingi walikuja, wakapiga walichoandikiwa, wakaondoka. Gordy alitaka santuri zake zinunuliwe na vijana wote wa Marekani, weusi kwa weupe, na alifaulu. Hapa ndipo lawama ya vazi la kuazima ilipokuwa na nguvu zaidi, na hapa ndipo ilipokuja kujibiwa.

Aliyeijibu ni Marvin Gaye, naye alikuwa na sababu za kutosha za kuacha kuimba mambo mepesi. Mwenzake wa kuimba naye, Tammi Terrell, alianguka jukwaani mwaka 1967 mikononi mwake; ikagunduliwa kuwa ana uvimbe katika ubongo, na tarehe 16 Machi 1970 akafariki akiwa na miaka 24. Mdogo wake Gaye, Frankie, alikuwa amepigana Vietnam, na barua zake pamoja na masimulizi yake aliporudi yalimwondolea usingizi kaka yake. Detroit yenyewe ilikuwa bado na majivu ya Julai 1967, pale siku tano za ghasia zilipoua watu 43. Wakati huo Renaldo Benson wa kikundi cha Four Tops alikuwa na wimbo alioanza kuutunga baada ya kuwaona polisi wakiwapiga vijana huko California. Wenzake waliukataa kwa kuuona ni wa siasa. Akampelekea Gaye, ambaye aliuongezea maneno na sauti, ukawa "What's Going On".

Wimbo ulirekodiwa Juni 1970. Gordy hakuutaka, na aliona kwamba mwimbaji wa mapenzi angejiharibia jina. Gaye naye akagoma kurekodi kingine chochote hadi utolewe. Ulitoka Januari 1971 na kuuzika kuliko alivyodhani yeyote, ndipo kampuni ikamtaka amalizie santuri nzima upesi. Nyimbo zilizobaki zilirekodiwa mwezi Machi, na tarehe 21 Mei 1971 santuri ikawa sokoni: nyimbo tisa, dakika 35 na ushei, zilizoungwa bila ya kituo kati yake, kiasi kwamba wimbo mmoja haujaisha kabla mwingine haujaanza. Msemaji ni askari aliyerudi nyumbani. Anauliza habari za mtaa wake, anakuta vijana wameingia katika dawa za kulevya, watoto hawana wa kuwatazama, samaki wana sumu, kodi na bei zinamnyonga maskini. Na katikati ya yote hayo anamkumbuka Mungu. Huo ni utenzi, kwa umbo na kwa nia.

Gaye hakuwa hodari wa kuandika nota. Alichokuwa nacho ni sauti kichwani, na aliwamrishia mdomoni David Van DePitte, mpangaji wa muziki wa Motown, ambaye alizigeuza sauti hizo kuwa karatasi za okestra. Alimwimbia sehemu za fidla, za filimbi, za baragumu, na Van DePitte akaandika, akarekebisha, akaongeza maarifa yake. Ushirikiano wa namna hii hauna jina zuri katika lugha za wenye hakimiliki, lakini watu wa utungo wanaufahamu. Wako manju waliobeba beti mia vichwani bila ya kuandika hata moja, na wako waandishi walioketi chini wakawasikiliza kwa adabu.

Yapo pia yaliyopatikana kwa sadfa. Saksafoni inayoufungua wimbo ilipigwa na Eli Fontaine alipokuwa akijipasha moto tu. Gaye akamwambia kwamba alichokitaka amekwisha kukipata na anaweza kwenda nyumbani. Sauti za marafiki wanaoamkiana mwanzoni ni za watu halisi, wakiwamo wachezaji wa kandanda ya Kimarekani wa timu ya Detroit. Muhimu kuliko yote, fundi wa mitambo alicheza kwa bahati mbaya namna mbili za uimbaji wa Gaye kwa pamoja, na Gaye akapenda alichokisikia. Tangu hapo akawa anaimba na nafsi yake. Sauti moja inauliza na nyingine inaitikia. Moja inaliwazwa na nyingine inaliwaza. Katika "Save the Children" mambo haya yanafika mbali zaidi, kwani anausema mstari kwa sauti ya kawaida, kisha anauimba uleule, kama mshairi anayesoma na mghani anayemfuata nyuma yake.

Na fidla je? Katika santuri hii hazitangulii na hazimwagiki. Huingia chini ya sauti, zikapanda pale tu mwimbaji anaposhindwa kuendelea kwa maneno, kisha zikashuka. Gaye alikuwa na koo liwezalo kupiga kelele. Nyimbo zake za nyuma zinathibitisha. Hapa anaimba kama anayeogopa kumwamsha mtoto. Ghadhabu yote ya vita, ya polisi na ya njaa imesemwa kwa upole, na ukubwa wake umeonyeshwa na ala. Kama angepaza sauti pamoja na okestra, msikilizaji angejiona anahubiriwa. Kama angeimba kwa upole bila ya okestra, huenda huzuni ile ingebaki ya mtu mmoja katika mji mmoja. Kwa kugawana kazi, mwimbaji akabaki mtu na huzuni yake ikawa ya watu. Hapo vazi lilikuwa limekwisha kuwa la mvaaji: wapiga fidla waleule waliozoea kuzilainisha nyimbo za mapenzi kwa ajili ya soko, sasa walikuwa wakimlilia askari mweusi asiye na kazi.

Msikilizaji wa mwambao hahitaji kusafiri mbali ili aielewe kanuni hii. Katika taarabu ya Unguja, ambayo klabu yake kongwe ya Ikhwani Safaa iliasisiwa mwaka 1905, bashraf hupigwa kwanza bila ya neno, na fidla, kanuni na udi huandaa mahali pa kuketi shairi. Mwimbaji naye aghalabu husimama kwa utulivu, mikono imetulia, uso haukunjwi, ilhali ala zinahangaika nyuma yake kwa niaba yake. Hapana dalili kwamba Detroit waliisikia Unguja, wala Unguja hawakuisubiri Detroit. Ila pande zote mbili ziliichukua fidla kutoka kwa wengine na kuipa kazi ya kulia kilio cha nyumbani, na pande zote mbili zilijua kwamba anayetuliza uso wake huaminiwa zaidi.

Jalada la santuri ya Gaye lina jambo jingine linalostahili kusemwa. Kwa mara ya kwanza katika santuri za Motown, wapigaji waliandikwa majina yao. James Jamerson, ambaye gitaa lake la besi lilikuwa limeishi katika nyumba za mamilioni ya watu kwa miaka kumi bila ya jina, alitajwa. Van DePitte akatajwa kuwa mpangaji na kiongozi wa okestra. Ni heshima iliyokuja kwa kuchelewa na kukaa kwa muda mfupi. Mwaka uliofuata, 1972, kampuni ilihamishia makao yake Los Angeles, na wengi wa wale waliotajwa wakabaki Detroit bila ya kazi waliyoizoea. Jamerson alifariki mwaka 1983, hajafika miaka 50. Gaye aliuawa na baba yake kwa risasi tarehe 1 Aprili 1984, siku moja kabla ya kutimiza miaka 45. Mwaka 2020 jarida la Rolling Stone liliiweka santuri yao nafasi ya kwanza katika orodha yake ya santuri 500 bora za nyakati zote.

Wakati huohuo Chicago ilikuwa na fundi wake, Charles Stepney, ambaye umaarufu wake haukulingana na kipaji chake. Mwaka 1970 alimpangia Minnie Riperton santuri iitwayo "Come to My Garden". Riperton alikuwa na sauti yenye upeo wa ajabu, iliyoweza kupanda hadi mahali pa ndege, na mpangaji mwingine angemtaka aionyeshe mwanzo hadi mwisho. Katika "Les Fleurs" Stepney alimfanyia kinyume. Anayesema katika wimbo huo ni ua, na ua linazungumza kwa sauti ya chini, karibu ya kunong'ona. Kisha kiitikio kinafunguka ghafla, kwaya na ala za shaba zikajaa kila pembe. Ulimwengu mzima unalijibu ua moja. Santuri haikuuzika. Stepney alikufa mwaka 1976 akiwa na miaka 45, Riperton mwaka 1979 akiwa na miaka 31, na miongo minne baadaye, mwaka 2019, wimbo huo uliwafikia watu wapya ulipowekwa mwishoni mwa filamu "Us" ya Jordan Peele.

Philadelphia ndiko muziki huu ulikopata utajiri, na ndiko ulikoanza kuchoka. Thom Bell, aliyesomea piano ya kizungu tangu utotoni, aliwapangia Delfonics na Stylistics nyimbo za mapenzi zenye baragumu laini na timpani, kila ala mahali pake. Kenny Gamble na Leon Huff walianzisha kampuni yao ya Philadelphia International mwaka 1971, na okestra yao ya studio, MFSB, ikafika nafasi ya 1 ya orodha ya pop mwaka 1974. Huko California, Barry White alikuwa na okestra yake ambayo mwaka huohuo ilishika nafasi hiyohiyo kwa wimbo usio na mwimbaji. Mafanikio yakageuka desturi. Ilipofika mwisho wa muongo, fidla zilikuwa zikipanda na kushuka mahali palepale katika kila wimbo wa dansi, iwe kuna huzuni au hakuna. Ala ya kilio ilipokuwa saa ya ukutani, wenye kampuni walipata urahisi wa kuhesabu gharama: kwa nini kulipa watu 30 ilhali kinanda kimoja cha umeme kinaweza kuigiza sauti zao? Katika miaka ya 1980 wapiga fidla wengi waliondoka studioni. Taarabu nayo iliijua hesabu hiyo katika miaka ya 1990.

Hata hivyo sauti zilizokwisha kurekodiwa hazikufa. Vijana wa hip-hop walizichimba santuri za Hayes, za Stepney na za Philadelphia, wakakata vipande vya fidla na kuvijengea mashairi yao. Kisha wakaja waimbaji waliotaka okestra yenyewe, na mmoja wao anahusika na Afrika Mashariki kwa damu. Michael Kiwanuka alizaliwa London mwaka 1987, kwa wazazi Waganda walioukimbia utawala wa Idi Amin. Mwaka 2016 alitoa santuri ya "Love & Hate", na akaifungua kwa wimbo wa dakika 10 uitwao "Cold Little Heart". Kwa karibu nusu ya muda huo hakuna neno hata moja. Fidla zinajikusanya, kwaya inaguna, gitaa linalia peke yake, na msikilizaji aliyezoea haraka ya siku hizi anaanza kutafuta kosa katika mashine yake.

Kisha Kiwanuka anaingia, na sauti yake ni ya chini, yenye ukwaruzo kidogo, ya mtu anayekiri kwamba ameshindwa kumpenda mwenziwe ipasavyo. Habari yenyewe ni ndogo. Haizidi kuta za chumba kimoja. Okestra iliyomtangulia imekwisha kuipa uzito, na yeye hana haja ya kuongeza. Alivyofanya Hayes kwa maneno ya barazani, yeye amefanya kwa ukimya. Santuri yake iliyofuata, ya mwaka 2019, ina fidla na kwaya vilevile, na mwaka 2020 ilitunukiwa Tuzo ya Mercury ya Uingereza. Aliipa jina moja tu, bila ya maelezo, nalo ni jina la ukoo wake la Kiganda: "Kiwanuka".